Shule ipi ya serikali ni nzuri hapa Mbeya? Tuzisome vizuri zile namba kabla hujamhamisha mtoto

Kila mwaka moko, ule mtihani wa majaribio wa darasa la saba, ikishapita, na tena matokeo ya darasa la saba yakishatoka mwishoni mwa mwaka, magrupu ya wasapu hapa Mbeya yanajaa ile picha ya jedwali, shule zimepangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, za juu zimepakwa kijani na za chini nyekundu, halafu mabishano yanaanza. Huyu anasema wahamisheni watoto haraka, yule anasema walimu wa shule fulani ni wavivu, mwingine anauliza kama nafasi za kuhamia bado zipo. Juzi jirani yangu, mama mmoja anauza mitumba Kabwe, alikuja kwangu jioni ameshika simu akasema, "Kaka hebu nisomee hapa, shule ya mwanangu imekuwa ya arobaini na kitu, si bora nimhamishe tu?" Mtoto wake yupo darasa la tatu. Nilianza kumjibu nikajikuta naongea saa nzima, mtoto mwenyewe akalala kwenye kochi, ndo nikaona niandike kabisa maana najua mama huyu hayupo peke yake.

Wewe mzazi unataka kujua shule ipi itamfundisha mwanao mpaka aelewe. Lile jedwali linakwambia watoto waliomaliza mwaka huu walipata alama ngapi. Hapo katikati kuna mambo mengi sana, na ndiyo nataka tuyapitie taratibu, tukianza na yale mepesi.

Ufaulu, wastani na nafasi

Mabishano mengi yanatokana na watu kutumia neno "matokeo" huku kila mmoja ana kitu chake kichwani. Mtihani wa darasa la saba kwa sasa una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 hadi 300 ni A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C, 61 hadi 120 ni D, na 60 kushuka ni E. Mwenye A, B au C anahesabiwa amefaulu. Sasa shika hapo kwenye 121. Mtoto akipata 20 kwa kila somo jumla yake ni 120, hiyo ni D, hajafaulu. Akiongeza alama moja tu kwenye somo lolote anakuwa na 121, C, kafaulu. Na 121 kwenye 300 ni kama asilimia 40.

Kwa hiyo ukisikia shule ina ufaulu wa asilimia 98, ulichoambiwa ni kwamba watoto 98 katika kila 100 wamevuka ule mstari wa 121. Wamevuka kwa kiasi gani, hapo hujaambiwa kitu. Kuna shule watoto wamepenya kwa shida, 123, 127, 130, na kuna shule watoto wako 200 na kwenda juu, na zote mbili kwenye jedwali zinaandikwa asilimia 98 zikakaa jirani.

Sisi watu wa huku hili tunalijua vizuri kwenye viazi. Mfanyabiashara akija Uyole au Tembela kununua viazi kwa gunia, gunia lipi? Lipo gunia la kawaida na ipo lumbesa, lile lililojazwa likashonewa kilemba juu, na yote mawili yanahesabiwa gunia moja. Mkulima aliyetoa lumbesa ishirini katoa mzigo mkubwa kuliko jirani yake aliyetoa magunia ishirini ya kawaida, lakini ukihesabu magunia wako sawasawa, ndo maana miaka yote wakulima wanalilia mizani. Asilimia ya ufaulu ni kuhesabu magunia. Mizani ni wastani wa shule, yaani zinajumlishwa alama za watoto wote waliofanya mtihani zinagawanywa kwa idadi yao, unapata labda 138 au 203. Wastani huo NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanauweka kwenye ukurasa wa matokeo wa kila shule, ila wengi wetu tunaupita tunakimbilia namba ya mtoto.

Nafasi nayo ni kitu kingine tena. Nafasi inategemea wenzako wamefanya nini. Shule inaweza kupandisha wastani kutoka 140 hadi 150 na bado ikashuka kwenye jedwali kwa sababu nyingine zimepanda zaidi, halafu mwalimu mkuu anaitwa kujieleza wakati watoto wake wameongeza alama kumi. Na kati ya shule ya 12 na ya 25 tofauti inaweza kuwa alama tatu kwenye 300, swali moja au mawili mtoto kakosea, lakini kwenye jedwali inaonekana kama mlima na bonde.

Tena wengi hawajui kwamba NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yaliyotoka Januari 2023. Sababu waliyotoa ni kwamba haina tija, shule zinafanya kazi kwenye mazingira tofauti kwa hiyo kuzipambanisha hivyo si haki. Yale majedwali ya kijani na nyekundu yanayozunguka kwenye simu yanatengenezwa na ofisi za huku chini, au na mtu tu kakaa na kompyuta yake, na ukiyapokea huwezi kujua kapanga kwa ufaulu au kwa wastani mpaka uulize.

Shule yenye watoto 28

Kuna shule za pembezoni mwa jiji zina watahiniwa wachache sana na kuna shule za katikati zina zaidi ya mia mbili. Chukua shule yenye watoto 28. Mwaka huu wote wamefaulu, asilimia 100, inapongezwa mpaka kwenye kikao cha kata. Mwakani watoto wanne wanakwama, mmoja aliugua, mwingine msiba, wawili uwezo mdogo, ufaulu unashuka mpaka kama asilimia 86 na watu wanasema shule imekufa. Shule ileile, walimu walewale. Kwenye shule ya watoto 250, hao wanne wangeshusha kama asilimia moja na nusu, hakuna ambaye angeona. Ndiyo maana NECTA walipokuwa wanapanga shule walikuwa wanazitenganisha makundi mawili, zenye watahiniwa 40 au zaidi na zile zilizo chini ya 40, jambo ambalo jedwali la wasapu halijali kabisa.

Kwa hiyo ukitaka kuiangalia shule kwa matokeo, usiangalie mwaka mmoja. Chukua wastani wa miaka mitatu au minne, uandike kwenye karatasi, uone unaelekea wapi. Matokeo ya nyuma yapo kwenye tovuti ya NECTA, hata kwenye simu ya kawaida yenye intaneti yanafunguka.

Watoto hawaanzii mahali pamoja

Hapa ndo kwenye mzizi wa jambo lenyewe na naomba usome taratibu.

Fikiria Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya, na zahanati moja ya mtaani. Ukihesabu vifo, zahanati itaonekana bora mara mia, maana pale watu wanakufa kwa nadra. Lakini kila mtu anajua kwa nini: wagonjwa walioshindikana kule Chunya, Kyela na kwingine wanaletwa Rufaa. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayesema nikiugua sana nipelekeni zahanati kwa sababu rufaa watu wanakufa. Kwenye hospitali tunauliza mgonjwa aliingia akiwa na hali gani, ila kwenye shule swali hilo hatulifikirii kabisa.

Mtoto wa mfanyakazi anayekaa Forest anaingia darasa la kwanza ameshasoma awali miaka miwili, nyumbani kuna vitabu na runinga, mama anamkagua daftari, jioni kuna mwalimu wa tuisheni. Mtoto wa juu kule Mwansekwa au Itagano anaweza kuwa amekua akiongea Kisafwa na bibi yake, Kiswahili chenyewe anakutana nacho vizuri shuleni, msimu wa viazi anakosa siku mbili tatu kwa wiki, na Juni ile baridi yetu mnaijua anatoka asubuhi hana sweta anashuka mlima. Huyu wa kwanza akipata 200 na huyu wa pili akipata 150, shule ipi imefanya kazi kubwa? Mimi nasema inawezekana kabisa ni ya pili, na mwalimu wa huko juu anastahili heshima ambayo jedwali halimpi.

Wataalamu wa elimu hiki wanakiita thamani ambayo shule imeongeza, yaani ulimpokea mtoto akiwa wapi na ukamfikisha wapi. Kwa lugha ya shamba, mwenye udongo mweusi wa Rungwe akivuna gunia nyingi kuliko aliyelima kwenye kichanga, hujajua bado nani mkulima hodari mpaka uone kila mmoja alikuta nini shambani.

Upande wa serikali kuna mfano ulio wazi, zile shule za msingi za umma zinazofundisha kwa Kiingereza. Olympio na Diamond kule Dar na Arusha School ndizo zinazojulikana zaidi, ila halmashauri nyingi siku hizi zinazo za kwao. Ni za serikali kweli, lakini mzazi analipa ada. Ukiziweka kwenye orodha moja na shule ya mtaa inayopokea kila mtoto anayegonga mlango, bila kuuliza kama mzazi wake ana hela ama hana, unalinganisha lori na bajaji. Na sekondari ni hivyohivyo. Wanafunzi wa kidato cha tano wa Loleza au Iyunga wamepangwa na TAMISEMI, wizara inayosimamia shule za serikali, kutoka mikoa mbalimbali kwa ufaulu wao, na mtoto aliyefanya vizuri sana darasa la saba anaweza kuchukuliwa na shule za vipaji maalum kama Mzumbe, Kilakala au Ilboru. Waliobaki ndo wanakwenda sekondari ya kata, kisha miaka minne baadaye tunaishangaa ya kata kwa nini haina divisheni wani nyingi. Halafu watu wanatia na St. Francis humohumo, ambayo ni ya kanisa na imewahi kuwa ya kwanza kitaifa kidato cha nne. Ni shule nzuri, hakuna ubishi, lakini inachagua wa kuwapokea na wanakaa bweni, ya kata pale mtaani haina uwezo huo.

Namba ambazo hazipo kwenye jedwali

Jedwali linahesabu waliofika. Waliokomea njiani hawapo. Tuseme sekondari mbili zilipokea watoto 200 kila moja kidato cha kwanza. Moja imefikisha 180 kwenye mtihani wa kidato cha nne na 140 wamefaulu, nyingine imefikisha 110 na 99 wamefaulu. Ukisoma ufaulu, ya pili ina asilimia 90 na ya kwanza ina kama 78, ya pili imeshinda. Ukirudi kwa wale 200 walioanza, ya kwanza imefaulisha 140 na ya pili 99. Hao 90 walienda wapi? Wengine walihama kweli, ila wengine utawakuta Mwanjelwa wanabeba mizigo au wapo machimboni Chunya, wasichana wengine wanalea. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeruhusu walioacha shule warudi, wakiwemo waliopata ujauzito, kwa hiyo unaweza kumuuliza mkuu wa shule amerudisha wangapi, na namna atakavyokujibu utajua kama anawahesabu au ameshawasahau.

Kuna na hili la kuwapunguza wazito kabla ya mtihani. Mzazi anaitwa anaambiwa mwanao abaki arudie, au atafutiwe shule nyingine, eti kwa faida yake. Mara chache huwa ni kweli kwa faida yake. Nimeliona likitokea kwa mtoto wa ndugu yangu, shule siitaji, mtoto aliondolewa miezi michache kabla ya mtihani na mwaka ule shule ikapanda, na yule mtoto akakaa nyumbani miaka miwili. Mimi hadi leo nikiona shule imeruka ghafla kwenye jedwali swali la kwanza ninalouliza ni mwaka jana darasa la sita walikuwa wangapi.

Kambi nazo. Shule nyingi zinawaweka watoto wa darasa la saba kambini miezi ya mwisho, wanakariri maswali ya miaka iliyopita usiku na mchana, wazazi wanachangia mahindi, maharage na hela ya mpishi. Sisemi kambi ni mbaya, kuna watoto wamekombolewa na kambi. Ila elewa alama zile zimepatikana kwa michango ya wazazi na miezi mitatu ya kukesha, hazikwambii mtoto wa darasa la pili anafundishwaje. Na shule iliyo kwenye mtaa wa watu wasio na cha kuchanga haina kambi. Udanganyifu nao upo, mwaka 2022 NECTA walifungia vituo kadhaa vya mtihani wa darasa la saba kwa ajili hiyo, kwa hiyo namba nzuri inaweza ikawa namba mbaya, ila nisiseme sana hapo kwa sababu shule nyingi ni za watu wanaofanya kazi yao kwa uaminifu.

Moko ndo kabisa usiipe uzito mkubwa. Mtihani mwingine umetungwa na halmashauri, mwingine na mkoa, ugumu unatofautiana, ukichukua moko ya jiji ukailinganisha na ya wenzetu wa Mbalizi ambao ni halmashauri nyingine, unaweza kuwa unalinganisha mitihani miwili tofauti. Moko ni ya mwalimu ajue wapi watoto hawajaelewa, basi.

Kidogo kuhusu fomu foo

Hapa watu wanachanganyikiwa vibaya kwenye GPA ya shule, yaani wastani wa madaraja ya masomo. Chuo kikuu, kijana wako wa MUST akileta GPA ya 4.5 mnachinja kuku. Kwenye matokeo ya kidato cha nne GPA ya shule inakwenda kinyume: A inahesabiwa 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, kwa hiyo shule yenye 2.1 imefanya vizuri kuliko yenye 3.8. Nimeshaona mtu kwenye grupu anapongeza shule kwa kuwa na GPA ya 4.2. Divisheni nazo zinafuata mtindo huohuo, masomo saba bora, pointi 7 hadi 17 ni wani, 18 hadi 21 tuu, 22 hadi 25 thrii, 26 hadi 33 foo, na 34 na 35 ziro.

Kulinganisha miaka ya mbali nako kuna mtego, kwa sababu vipimo vinabadilishwa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro, nchi nzima ikalia, serikali ikaunda tume, na Mei mwaka huohuo yakatangazwa upya kwa utaratibu mwingine wa kupanga madaraja, waliofaulu wakaongezeka. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Matokeo ya 2014 yakatolewa kwa mfumo wa GPA badala ya divisheni, ya 2015 divisheni zikarudi. Na kwa msingi jiandaeni na 2027, kwa sababu ya mtaala mpya ulioanza 2024 elimu ya msingi inakuwa miaka sita, kwa hiyo mwaka huo darasa la sita wa mtaala mpya na darasa la saba wa mwisho wanamaliza kwa pamoja. Namba za mwaka huo mkizilinganisha na za nyuma mtajidanganya.

Hela na walimu

Watu wengi wanaamini shule zinazofanya vizuri serikali inazipa hela zaidi. Kwa utaratibu ruzuku inakwenda kwa kichwa cha mtoto, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Kwa msingi ile 10,000 kuna 4,000 ya vitabu inayobaki juu, shuleni zinafika 6,000. Gawa kwa miezi 12, ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, humo kuna chaki, ukarabati, mitihani, michezo, kila kitu. Kiasi hicho ni sawa kwa shule ya mjini na ya mlimani. Tofauti unazoziona, rangi, uzio, uji wa saa nne, nyingi zimetoka kwa wazazi, kwa mdau, au kwa mwalimu mkuu anayejua kuhangaika.

Majengo mapya nayo yasikuvute peke yake. Yale madarasa ya fedha za UVIKO ya 2021 na 2022 yamesaidia sana, kuna watoto walikuwa wanasomea chini ya mti, lakini darasa jipya lenye mwalimu mmoja na watoto 120 bado lina watoto 120.

Kwa walimu neno utakalosikia ni uwiano, yaani mwalimu mmoja kwa watoto wangapi, na kiwango kilichowekwa ni 1 kwa 45. Sasa uwiano wa shule nzima unaficha. Shule yenye watoto 900 na walimu 20 iko 1 kwa 45 kamili, safi, lakini nenda uone nani anafundisha wapi. Shule nyingi zinapeleka walimu wao hodari darasa la nne na la saba kwa sababu huko ndo kuna mtihani wa taifa, darasa la kwanza na la pili wanarundikwa wengi kwa mwalimu mmoja. Mtoto asiyejua kusoma vizuri akifika la tatu hakuna mwalimu tena anayerudi kumfundisha herufi, anaburuzwa hivyohivyo mpaka la saba. Utafiti unaoitwa Uwezo, wa shirika la Twaweza, ulianza kulionyesha hili zaidi ya miaka kumi iliyopita, walikuwa wanakwenda majumbani na kumpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na wakakuta wengi wa la tatu hawawezi kuisoma.

Kwa hiyo mimi nikitaka kuijua shule ya msingi naomba kuliona darasa la pili. Nimefanya hivyo mwaka huu kwenye shule mbili. Ya kwanza iko juu kabisa kwenye jedwali. Niliwahesabu watoto 97 kwenye chumba kimoja, wanne wanne kwenye dawati, wa nyuma wamesimama, mwalimu mzuri tu, mpole, sauti imekauka, daftari nilizofungua zilikuwa na tiki moja kubwa kwenye ukurasa na mtoto ameandika "mama anapka ugli" na tiki juu yake. Sikumlaumu, daftari 97 kwa dakika ngapi. Ya pili iko chini huko kwenye nyekundu. Watoto 52, ukutani kuna kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni, mwalimu dada mmoja wa makamo ana daftari lake la mistari ameandika majina ya watoto na mbele ya kila jina herufi ambazo bado zinamsumbua. Aliniambia, "Huyu ananichanganyia m na n, wiki hii namkaba hapo tu." Nilitoka pale nimeshusha pumzi.

Ukienda na wewe, angalia daftari kama yamesahihishwa kwa maneno au tiki tu, uliza mwalimu wa darasa la mtoto amebadilishwa mara ngapi mwaka huu, uliza watoto wanakula nini, hesabu matundu ya vyoo (kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na kwa wavulana 25), angalia ubao wa matangazo kama mapato na matumizi yamebandikwa. Wadhibiti ubora wa wizara wakija wanaangalia vitu vya namna hii, ufundishaji, uongozi, mazingira, ushirikiano na jamii, siyo mtihani peke yake, na unaweza kumuuliza mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati ya shule walisema nini mara ya mwisho. Piga na hesabu ya njia. Shule bora iliyo daladala mbili kutoka nyumbani, mtoto wa miaka minane anaamka saa kumi na moja, konda hawataki wanafunzi, anafika amechoka na amechelewa, hapo umeongeza nini?

Tukirudi kwa jirani yangu. Usiku ule nilimwambia asiamue kitu, kesho amsomeshe mtoto ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili halafu amwambie aeleze alichosoma. Alifanya hivyo. Mtoto alisoma maneno yote, polepole, kidole kwenye mstari, alipoulizwa hadithi inahusu nini akanyamaza. Ijumaa mama akamwachia mdogo wake kibanda akaenda shuleni, akamkuta mwalimu wa darasa, na mwalimu wala hakushangaa, akamwonyesha kwamba mtoto yupo kwenye kundi la watoto kumi na nane wanaobaki Jumanne na Alhamisi kwa ajili ya kusoma na kuelewa, ila huwa hakai, anakimbia na wenzake. Mama hakuwa anajua kama kuna kundi hilo.

Hajamhamisha bado. Jumanne iliyopita mtoto alirudi saa kumi badala ya saa nane, mama alikuwa amemwekea viazi kwenye sufuria.